Mwendo wa Gramafoni ya Babu

Tabora, 12 Januari 2024

Mjomba Rashidi,

Santuri ya Babu imevunjika, na sijamwambia mtu ila wewe sasa hivi. Shikamoo Mjomba. Najua nimetanguliza habari kabla ya salamu, lakini ningeanza na salamu ningeogopa kuendelea. Sisi wazima. Bibi yuko ndani na eda yake, anakula kidogo.

Siku ya matanga, mwezi ule wa Oktoba, jirani yetu Mama Recheli alikalia mto, na chini ya mto kulikuwa na santuri. Nilisikia "ka!" Yeye alidhani ni kiti. Ni ile ya kinanda, aliyopewa Babu na padri Mfaransa alipokuwa anarudi kwao. Vipande nimevificha kwenye khanga.

Bibi anasema akitoka eda anataka kuisikia, ndipo akubali kuja kuishi kwako Usinge. "Niagane kwanza na Mussa wangu," anasema. "Bila hivyo sitoki nyumba hii."

Ningepiga simu, ila ya Mama husikilizwa na nyumba nzima. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Najiat

Usinge, 21 Januari 2024

Mpwa wangu,

Marahaba mwanangu. Tu wazima, tunapalilia mahindi, mvua haitupi nafasi. Barua yako kondakta Masolwa ameifikisha imelowa, lakini inasomeka.

Mama Recheli huyo! Tushukuru hakuikalia gramafoni yenyewe.

Usilie. Padri alimwambia Baba kwamba yule mpiga kinanda alirekodiwa Paris zaidi ya miaka mia iliyopita, na santuri zake zilitoka nyingi. Siku hizi watu wanaziweka mtandaoni. Unganisha ile karatasi ya katikati, usome jina, utafute.

Mjomba wako,
Rashidi

Tabora, 22 Februari 2024

Shikamoo Mjomba. Watoto hawajambo? Mama anawasalimu.

Niliipata! Fundi simu wa sokoni, anaitwa Fikiri, alinipakulia. Bibi ametoka eda juzi, akavaa nguo mpya, akakaa barazani. Kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri, nilificha simu ndani ya gramafoni, nikabonyeza.

"Huyu anakimbizwa na nani?" akauliza.

"Ndiyo yenyewe, Bibi."

"Yenyewe gani? Ya babu yako ilikuwa inatembea. Hii inawahi treni. Zima!"

Akaingia chumbani. Sasa anasema Usinge haendi. Jina ni lilelile Mjomba, nimelisoma mara nyingi. Lakini hata mimi masikio yangu yalikataa.

Mpwa wako,
Najiat

Usinge, 27 Februari 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo, ila nimecheka mpaka mke wangu akaja mbio akidhani nimeumwa na nge.

Bibi yako hajakosea, na simu haijakosea. Springi ya gramafoni ilikatika mimi nikiwa mdogo. Baba hakupata nyingine Tabora nzima, na kwa kuwa alikuwa fundi saa, akafunga ya saa ya ukutani. Ilikuwa dhaifu, sahani ikawa inazunguka kwa uvivu. Sote tumekua tukidhani Wafaransa ni watu wa huzuni!

Mwambie Fikiri apunguze mwendo. Ninakuja kabla ya Ramadhani. Sijui nitamkuta Mama amefunga mizigo au amefunga mlango.

Mjomba wako,
Rashidi

Tabora, 3 Machi 2024

Shikamoo Mjomba. Hatujambo sote.

Fikiri alipunguza kidogo kidogo. Mimi nilifumba macho nikawa namwambia, "Bado. Bado." Kinanda kikazidi kuwa kizito, mpaka nikausikia kama ulivyokuwa barazani kwetu, Babu akiwa hai. Nikasema, "Hapo." Fikiri akauacha mwendo hapohapo.

Jana alasiri nilimwekea Bibi. Aliweka kiganja juu ya mbao za gramafoni. Karibu na mwisho akagutuka:

"Baba Rashidi, zungusha, inalala!"

Nikashika mpini, nikazungusha mashine tupu, kri, kri, kri. Akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu msiba.

"Mwanamume wewe, kila jioni mpaka nikukumbushe." Kisha taratibu: "Haya. Nakwenda kwa mwanao. Usinisubiri barazani."

Akaniita nimfungie nguo.

Mjomba, akifika huko atawaambia watu kwamba santuri ya mumewe ni nzima. Nakuomba usimsahihishe. Wala usimwambie mtu, hata Mama, hata huyo mkeo. Tujue mimi na wewe tu.

Mpwa wako,
Najiat