Jina la Mjomba Lilikuwa la Kwanza

Leipzig, Ujerumani

Dada Fotu,

Shikamoo. Usishtuke kuona mwandiko wangu badala ya mesej. Kuna binti wa kijiji cha Kisawasawa alikuwa anasoma hapa, anarudi nyumbani Jumamosi, nimempa bahasha hii akukabidhi mkononi. Mguu unaendeleaje? Bado unauchua kwa maji ya moto au umeshachoka kama kawaida yako? Na shamba mmeanza kusafisha? Mimi mwili mzima. Nakula, naenda kazini, baridi imeanza kuuma masikio. Moyo ndio mgonjwa, na ugonjwa wenyewe unakuhusu wewe, kwa hiyo nisome hadi mwisho hata kama utakasirika katikati.

Mama yetu ana mwezi wa nne kaburini. Kwa miezi yote hiyo Mjomba Kasiani hapokei simu yako, na ukoo mzima unasema Fotunata alimzika mama bila kumwambia kaka yake wa tumbo moja. Dada, si wewe uliyemwacha. Ni mimi. Nimelijua hilo muda mrefu, nikanyamaza.

Wewe hupenda kunitania kwamba nalipwa kwa kuchora viboksi. Ni kweli. Natengeneza kurasa za ukaguzi za mafundi wa lifti. Fundi anafungua ukurasa kwenye simu, anaona orodha: kamba, mlango, breki, kengele. Kila akimaliza kimoja anatia tiki, na zikijaa zote ukurasa unaandika chini: imekamilika. Siandiki orodha moja moja. Naviweka vitu vyote kwenye safu, yaani mstari wa nafasi zenye namba, halafu naandika mzunguko, amri inayopita nafasi hadi nafasi, inachukua kilichomo, inakichorea kiboksi. Ni kama unavyopita mstari wa mpunga ukipalilia, shina baada ya shina. Ila kompyuta huanza kuhesabu na sifuri. Pale kazini, nafasi ya sifuri tunaweka jina la jengo, ambalo halihitaji tiki, kwa hiyo mzunguko wetu unairuka na kuanzia namba moja.

Asubuhi ile uliponipigia kutoka hospitali sikuwa na akili. Ulisema, "Skola, mama ametuacha," nikasikia akina mama wa jumuiya wanalia nyuma yako. Halafu ukasema, "Mimi nakwenda kumwosha. Wewe mwenye kompyuta tushikie majina, asisahaulike mtu." Kibali changu cha kuishi hapa kilikuwa kimekwisha muda, kipya hakijatoka, ningetoka nisingerudi. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyoweza kumfanyia mama. Nilichukua ukurasa wa lifti kama ulivyo, nikafuta kamba na breki, nikaandika watu. Pale pa jina la jengo sikuweka kichwa chochote. Nilianza moja kwa moja na Mjomba Kasiani, apigiwe kupitia Mzee Salumu mwenye duka Mkula, atume bodaboda hadi dunguni anakolinda mpunga dhidi ya ndege, ambako simu yake haishiki mtandao. Nilimweka wa kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa, na kwa kuwa kwetu kaka ndiye anayetupa udongo wa kwanza juu ya dada yake.

Akakaa kwenye nafasi ya sifuri. Mzunguko ukamruka.

Niliwatumia ukurasa wewe na watoto wa mama mdogo, wakagawana kupiga simu. Niliziona tiki zikiingia moja moja, nikawa nalia huku najisifu, angalau nami nipo msibani. Ulinipigia jioni. Nayakumbuka maneno yako yote.

"Na Mjomba?"

"Mjomba ndiye wa kwanza kabisa kwenye orodha, dada."

"Ameambiwa?"

"Imeandika imekamilika."

Ukaniamini. Kesho yake mlimsubiri hadi katekista akasema jua linakwenda. Watu wakanong'ona kwamba amegoma. Ukatupa udongo wewe, mtoto wa kike, huku unaangalia barabarani.

Ulinisimulia alivyokuja siku ya tatu, hajui lolote, na baiskeli yake na kiroba cha mchele mpya wa kumwonjesha dada yake kama kila mwaka. Anaingia uani anaita, "We dada, chungu kiko wapi?" Turubai limeshashushwa. Ulisema alikaa chini palepale kwenye vumbi. Alipokuuliza nani alitumwa kumwambia, ungeweza kusema orodha ni ya Skola. Ukasema, "Nisamehe mjomba, nilichanganyikiwa." Akakujibu kwamba umemzika yeye pia, akaacha kiroba barazani, akaondoka anakokota baiskeli.

Wiki ya tatu nilitaka kuwashukuru wote waliopigiwa, nikaufungua ukurasa. Nilikumbuka nimeandika watu kumi na tisa. Nikahesabu kwa kidole, kumi na wanane. Nikarudia. Halafu nikafungua maandishi yenyewe ya amri, nyuma ya ukurasa, nikamkuta Mjomba amekaa mahali pake pa kwanza, hakuna aliyemgusa. Nilitoka nikaenda kukaa kwenye ngazi za ofisi hadi mwenzangu mmoja akaja kuniuliza kama naumwa. Nikasema kichwa. Kurekebisha ilikuwa kubadilisha tarakimu moja, sikutumia hata dakika.

Kukwambia wewe ndiko kulikonishinda. Niliogopa, dada. Nilijiambia nipo mbali, sikuzika, nikiongeza na hili nitakuwa nani tena nyumbani. Kila uliponipigia ukaniambia, "Mjomba bado, lakini Mungu yupo," nilijibu, "Atatulia tu." Mara ya mwisho ulisema hukwenda ibada Jumapili kwa kuona aibu ya macho ya watu. Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Umenilea wewe, mama akiwa shambani, umenibeba mgongoni kuvuka madimbwi nisilowe sare, na mimi nimekuacha ubebe na hili.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Nenda Mkula na barua hii. Usimpigie kwanza, atakataa. Mwombe Mzee Salumu amwite pale dukani, Mjomba anamheshimu, hataondoka mbele yake. Msomee yote, usiruke mstari, hata pale ninapojiaibisha. Akitaka kuamini kwamba naisingizia mashine, mwambie hapana. Mashine ilifanya nilichoiagiza. Mtu wa kuulizwa alikuwa mimi, na nilipoulizwa nilisoma neno "imekamilika" badala ya kuhesabu watu wa mama yangu.

Kile kiroba najua hujakipika. Kama atakubali kuja, kipike siku hiyo, katika chungu cha mama. Umpeleke kaburini kabla ya kula. Udongo bado upo, atupe wake.

Kibali changu kimetoka. Nitakuja mwezi wa Desemba nipige magoti mwenyewe, lakini sitaki ungoje hadi Desemba ndipo watu wakuangalie usoni.

Nifikishie salamu kwa hawa. Nimewaandika kwa mkono, nikawahesabu kwa kidole, na wa kwanza nimemhesabu mara mbili: Mjomba Kasiani, kaka wa mama yetu. Mama mdogo Redempta na wanawe waliopiga simu, ambao hawana kosa lolote. Mzee Salumu wa dukani, aliyekuwa ameketi siku nzima na simu yake mfukoni, na hakuna aliyempigia.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuacha useme "nisamehe" kwa niaba yangu,

Skola