Mkwe Dirishani, Pesa Drooni

Jumanne, 9 Machi 1976
Barua ya benki imefika kijijini Itiryo. Eti tumetoa pesa kupita zilizomo kwenye akaunti ya kikundi — wanaita ovadrafti — na tumekatwa ada. Kisa hundi ya dizeli ya mashine yetu ya kusaga. Ovadrafti gani! Pesa nilipeleka Ijumaa kwa mkono wangu, hundi nikaandika baadaye. Mogesi, mwenyekiti wetu, kaisoma kwa sauti mbele ya kinamama wote. Alipomaliza akaniangalia mimi, mtunza hazina. Akaikunja, akanikabidhi. Heri angenitukana.

Jumatano, 10 Machi
Tarime. Nimezungukazunguka nje ya benki mpaka karani Mniko alipotoka kwenda chai, ndipo nikaingia. Karani mwingine kaniambia pesa ziliingizwa Jumatatu, hundi ilifika Jumamosi, basi ada ni halali. Akaomba risiti. Sina.
Sina kwa sababu ya soni. Mniko ni mume wa binti yangu Teresia. Sikujua wamemhamishia hapa kutoka Musoma! Ijumaa nafika dirishani, nainua macho — mkwe! Nikaacha bahasha ya pesa juu ya kaunta, nikajifunika kanga, mimi huyo nikatoka. Naye alishageukia ukutani. Ningefanya nini? Nisimame nitazamane naye kama rika langu?

Ijumaa, 12 Machi
Nilimwita Teresia, kaja. Mumewe kamwambia yote. Ili anirudishe nichukue risiti ingebidi aniite jina, na kwetu jina la mama mkwe halitamkwi. Pesa akaziweka kwenye droo, akitumaini nitamtuma mtu. Mpaka Jumatatu! Akimwambia meneja hivyo, kazi hana. Na Teresia ni mjamzito. Kalia sana. Nimemwahidi sitamtaja mumewe.
Jioni Mogesi kapita. Anataka Jumatatu nilete karatasi ya benki ya kunisafisha, la sivyo nirudishe ufunguo wa sanduku la kikundi. Ningeuza mbuzi nilipe ile ada yaishe — lakini nikilipa si nimekubali kwamba nimekula pesa za wenzangu? Sikai, sisimami. Ugali umeungua. Nina hasira na Mniko, nina hasira na mimi mwenyewe.

Jumatatu, 15 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi la benki. 
Meneja ni Bwana Lukmani, mtu wa Tanga. Nilimweleza habari za Ijumaa ile, karani sikumtaja. Hakuhangaika, akamwita karani wa dirishani. Nikataka kutoka, akaniambia nikae. Nikajifunika uso wote. Nikaona viatu vya Mniko tu, vile alivyovaa siku ya harusi.
"Mama, huyu ndiye uliyempa pesa?"
Nikakaza kanga usoni. Meneja akauliza tena, safari hii kwa ukali. Nikawaza kinamama wanaoningoja Itiryo, nikamwaza Teresia na tumbo lake. Nikanyamaza.
Ndipo Mniko akasema:
"Agustina Wangwe alileta pesa Ijumaa. Nilizilaza drooni mimi."
Jina langu! Ametamka jina langu, mbele yangu! Aibu ilinishika mpaka miguuni, na papo hapo nikatamani kumshukuru, nisijue nitamshukuruje mtu nisiyeweza kumtazama.
Meneja kaniambia nisubiri nje. Mniko kabaki ndani, mlango umefungwa.
Taipu inagonga humo. Ni barua, lakini sijui ni ya kunisafisha kwa kikundi au ya kumwachisha Mniko kazi.