Neno Ulilomwambia Jirani

Umetimia mwaka mmoja, Mwalimu Jean-Berchmans, tangu figo zilipokushinda, Agosti 1992, ukatuachia nyumba hii ya Nyamirambo ambayo siku hizi imekuwa kubwa mno.

Mkeo Daphrose bado anafungua kopo kwa kisu cha jikoni, kisha anageuka kutazama kama umemwona. “Kisu ni cha kukata,” ungesema. “Kila kitu na kazi yake.” Hakuna anayemkanya tena, naye hakujua kwamba mtu anaweza kutamani kukanywa.

Miaka ishirini na mitano ulifundisha maadili. Wanafunzi walipouliza sheria ya asili imeandikwa wapi, uliwatuma wakawaulize bibi zao ni mambo gani huitwa kirazira, mwiko. Walirudi na majibu yaleyale, Waislamu kwa Wakatoliki, nawe ukatembea darasani kama bwana harusi.

Kisha ikaja Oktoba 1990, watu wakikamatwa mjini kwa kushukiwa kuwasaidia waasi. Jirani yetu Kamanzi alikimbilia chumbani kwetu. Askari wakagonga.

“Kamanzi iko wapi?”

Ulifungua kinywa, lakini Daphrose akakutangulia. “Haiko hapa. Alienda Butare juzi.”

Wakaondoka. Ulikaa kitako, ukafuta miwani. “Ulimi umepewa kusema ukweli, Daphrose, kama jicho lilivyopewa kuona.”

“Na mlango, Mwalimu, umepewa nini?”

Jumamosi ulikwenda kuungama, naye akajiuliza unaungama dhambi ya nani.

Tangu hapo hamkuligusa tena jambo lile. Mlikula pamoja, ulishukuru chakula, ukamnunulia kitenge cha Noeli. Yeye alisubiri useme kama alitenda vema au vibaya. Padri angeweza kumwambia, lakini alilitaka neno lako. Upweke wake ulianza wewe ungali umeketi naye mezani, na hilo linamuuma kuliko kaburi.

Wiki iliyopita Kamanzi alikuja kusaidia kupanga misa yako. Akamwambia Daphrose, “Mama Kabagwira, Mwalimu aliniambia kitu kule hospitali. Alisema, ‘Mimi nilifundisha kirazira miaka yote, lakini siku ile Daphrose ndiye alikumbuka ya kwanza: mtu amekimbilia kwako, hautoi yeye.’”

“Mbona hakuniambia mimi?”

“Alisema utamucheka.”

Kweli, Mwalimu, angekucheka. Angekucheka mpaka machozi, awaite na majirani, halafu angekupakulia tena. Sasa anajua kwamba alitenda vema, na hana wa kumcheka.

Unakumbukwa na mkeo Daphrose, binti yako Kabagwira, dada yako Mukarugwiza wa Muhima, na Kamanzi, ambaye wanawe wanakuita babu.

Siku zote tutakuwa nawe moyoni.