Plastiki Nyeupe Aliyonunua Wilber

Cayma, Arequipa
24 Aprili

Mpendwa mdogo wangu Zoraida,

Milano kukoje? Nasikia baridi bado haijaondoka huko, na nakujua, unatoka bila kofia. Mgongo umepona? Yule bibi unayemtunza bado anakuita kwa jina la binti yake? Nijibu yote, usiniandikie tena kwamba upo salama halafu basi.

Sisi tupo. Mama alituugulia, lakini sasa hajambo. Nimelitanguliza hilo ili usome ukiwa umetulia.

Unaijua ile mashine ya leza tuliyonunua kwa ajili ya beji za mahujaji wa hija ya Chapi. Inakata ile plastiki ya kusinyaa, kisha tunaitia kwenye oveni. Inajikunja kama jani kavu, halafu inalala tena, ndogo na ngumu kama kifungo. Zamani nilikata kwa mkasi mpaka vidole vikafa ganzi. Nilidhani mashine itanipumzisha. Wapi! Nayo inataka kulindwa kama maziwa jikoni: mwale uende mbio na usiwe mkali, pembe za plastiki zishikwe kwa sumaku zisiinuke, feni ivute moshi nje, na mtu asibanduke hapo, maana ikishika moto haikungoji.

Basi plastiki ikatuishia, na hija imekaribia. Shemeji yako Wilber akaenda sokoni, akarudi na furushi la plastiki nyeupe lisilo na jina wala maandishi. Muuzaji kamwambia ni ileile. Mimi nilikuwa kibandani nauza. Yeye akawasha mashine.

Niliporudi, harufu ilinipokea mlangoni. Haikuwa harufu ya plastiki tuliyoizoea. Ilichoma pua, kama dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Wilber macho mekundu, bado kaiinamia mashine.

"Zima!"

"Mke wangu, ni moshi tu. Imebaki safu moja."

"Wilber, zima hicho kitu! Mama yuko wapi?"

Mama alikuwa jikoni, kashika ukingo wa meza, anakohoa hata hawezi kuniita. Feni ilikuwa inausukuma moshi nje ya dirisha, na upepo unaurudisha kupitia dirisha la jikoni. Tulimbeba mpaka zahanati. Wakamwekea oksijeni, wakamlaza. Zoraida, nilikaa kwenye lile benchi sina hata nguvu ya kulia.

Aliporuhusiwa, nilichukua kipande cha ile plastiki nikatoka nacho uani. Nilipasha waya wa shaba mpaka ukawa mwekundu, nikaugusisha kwenye plastiki, nikaurudisha motoni, mimi nimesimama upande unakotoka upepo. Moto ukageuka kijani kibichi. Ni PVC, jamii ya mabomba ya maji. Ikichomwa hutoa moshi wa asidi yenye klorini, na huo hula kifua cha mtu na chuma vilevile. Reli za mashine zimeshaanza kushika kutu.

Wilber aliutazama ule moto. Mimi nilikuwa nimemwandalia maneno tangu zahanati. Nilipomwona uso, yakaniishia.

Furushi lote tumelifunga na kuliondoa nyumbani. Halifai leza wala oveni. Mashine tumeipandisha juu ya paa, kwenye kijumba cha huko juu, mbali na dirisha la mtu yeyote. Na plastiki isiyojulikana ni nini haipandi ngazi ile.

Ilibidi niende kumweleza Doña Hermelinda wa kamati ya hija kwamba beji hazitatimia.

"Sasa mahujaji wangu wavae nini, upepo?"

"Wavae utepe, mama. Beji zitakuwa za watoto tu."

"Na wewe unakuja kuniambia leo!"

Nilimwacha aseme mpaka akamaliza. Mwishowe akauliza habari za mama, akanifungia majani ya muña, ya kuchemsha chai kwa ajili ya kifua chake. Naye kachoka, nadhani.

Mama anakula, ananuna supu haina pilipili, kwa hiyo amepona. Wilber ndiye simwelewi. Hajasema samahani hata mara moja. Lakini kila mchana mama akilala, anaweka kiti karibu na kitanda, anakaa anasikiliza anavyopumua. Nikimwita kula, ananinyooshea kidole nisipige kelele.

Msalimie kaka Rufino na mkewe Elsa, na umbusu Yadira kwa niaba ya bibi yake. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe usingizi mzuri kuliko wangu.

Ukipiga simu, usimuulize Wilber habari za mashine. Muulize yeye hali ya mama, kisha umwache aongee.

Ni mimi dada yako, nakupenda hata nikichoka hivi,
Nélida