Risiti Iliyo Ndani ya Injini ya Bwana Pargeter

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Wickenford, Worcestershire, Uingereza
Jumatatu, 15 Aprili 2019, saa nne na nusu asubuhi

Jina: Clive Tolley. Umri: miaka 56. Kazi: mwalimu wa jiografia. Makazi: Plum Lane, nyumba namba 6.

Mimi ni jirani wa Bwana Denzil Pargeter kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Gari lake limezuiliwa hapa uani tangu juzi Jumamosi kwa tuhuma kwamba injini ni ya wizi, na kosa lililolifikisha hapa ni langu.

Gari ni MGB la mwaka 1969, la kijani, viti viwili, paa la turubai. Lilizaliwa na injini ya silinda nne. Mwaka 1971 Bwana Pargeter alimpeleka mkewe, Bi. Hester, fungate. Kwenye mwinuko wa Cuckoo Bank gari lilichemka likagoma, Bi. Hester akashuka, akapanda kwa miguu na viatu vyake vya harusi. Alifika kileleni kabla ya gari. Alimwambia mumewe, "Siku nyingine, Denzil, mimi nakaa." Siku hiyo nyingine haijafika mpaka leo.

Sasa moyo wa Bi. Hester unaumwa. Alhamisi hii, tarehe 18, anapasuliwa, na daktari hakuwaficha kitu. Ombi lake ni moja: apande kwanza Cuckoo Bank, akiwa amekaa.

Mnamo Oktoba mwaka jana, mbele yangu, Bwana Pargeter alinunua injini ya silinda nane kwa Mzee Wilf Hadley, muuza magari chakavu. Mzee Wilf aliandika risiti kwa mkono, pamoja na namba ya injini. Wakati wa Krismasi alifariki, na yadi yake ikafungwa. Risiti ile ndiyo ilikuwa ushahidi pekee.

Kazi ilichukua majira yote ya baridi, katika banda la Pargeter. Yeye alikata chuma, akasogeza rejeta mbele, akachomelea mikono mipya ya kubebea injini. Mimi nilishika taa. Niliwahi kupewa spana mara moja. "Clive," akaniambia, "ukishika wewe spana, hata nati inalia. Rudi kwenye taa, ndugu yangu."

Bi. Hester alikuwa akija kila alasiri na blanketi na chupa ya chai, anaketi kiti cha abiria, anafumba macho. Mbele yake hapakuwa na injini, ila shimo tu. Anauliza, "Tumefika wapi?" Bwana Pargeter, akiwa chini ya gari, anajibu, "Tumepita kanisa." Nami natia langu: "Punguza mwendo, kuna kondoo." Naomba iandikwe kwamba nimefundisha jiografia miaka thelathini na sijawahi kusafiri vizuri kama katika banda lile. Baadhi ya alasiri nilihisi upepo usoni, na mlango ulikuwa umefungwa.

Mnamo Jumatano, 27 Machi, saa kumi jioni, juu ya meza ya kazi palikuwa na bahasha mbili za kahawia. Moja ilikuwa na fomu ya kuijulisha ofisi ya usajili kwamba injini imebadilishwa, pamoja na risiti ya Mzee Wilf. Ya pili ilikuwa na karatasi ngumu ya kahawia ya kukatia gasketi, yaani kipande cha kuziba maungio ya injini yasivuje. Bwana Pargeter, kichwa kikiwa ndani ya boneti, aliniambia, "Moja kaiposti, nyingine nikatie gasketi ya kifuniko cha thamostati. Hapo huwezi kuharibu."

Miwani yangu ilikuwa kwenye paji la uso, nami nikiitafuta mifukoni. Nilikata gasketi nikaipaka grisi. Nilishangaa jinsi karatasi ilivyokuwa nene, nikaona tumepata mali bora. Vipande vilivyobaki niliwashia jiko. Bahasha nyingine niliiandika anwani, nyuma nikaweka jina langu, nikaiposti.

Jumapili iliyofuata injini iliwaka. Maua ya miplamu yalikuwa yakipukutika, yakiingia mlangoni na kutetemeka juu ya boneti. Sauti ilikuwa ya chini, kama mtu anayecheka usingizini. Bi. Hester hakuuliza tumefika wapi.

Jumamosi, 13 Aprili, wakielekea Cuckoo Bank, walisimamishwa na polisi. Namba ya injini haikulingana na kadi ya gari. Bwana Pargeter alisema, "Jirani yangu aliposti fomu." Aliniamini. Nami nilijiamini, jambo ambalo mke wangu hulionya sana.

Leo saa tatu na nusu nimepata barua kutoka ofisi ya usajili: "Tunakurudishia karatasi yako ya kahawia. Hatukuelewa tuifanyie nini."

Kwa hiyo nilichokata ni fomu na risiti, zikiwa zimekunjwa pamoja. Risiti haijapotea. Imo ndani ya injini, kwenye kifuniko cha thamostati, pale maji ya kupoza injini yanapotokea, chini ya boliti mbili. Naomba ifunguliwe kabla ya Alhamisi. Naomba pia iandikwe kwamba haijavuja hata tone.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na, kwa aibu yangu, niliyoyakata kwa mkasi. Nimesomewa, ni sahihi.

(Sahihi) C. Tolley

Maelezo ya ofisa: Saa nane mchana fundi wa kituo alifungua kifuniko mbele yangu. Kwenye gasketi, chini ya grisi, vinasomeka tarakimu nne za mwisho za namba ya injini, neno "imelipwa" na nusu ya sahihi ya W. Hadley. Tarakimu zinalingana. Gasketi imehifadhiwa kama kielelezo na gari limeachiliwa. Shahidi amekata gasketi mpya kutoka kwenye karatasi aliyorudishiwa, nikihakikisha amevaa miwani. Bi. Pargeter alikuwa ameshakaa garini, macho kayafumba. Aliniuliza tumefika wapi. Nilimjibu, "Bado tuko kituoni, mama. Lakini geti liko wazi."

(Sahihi) Konstebo A. Bhamra