Neno kwa Marehemu Walter

Jumatano, 15 Oktoba

Tumsifu amepata! Atakuwa mchungaji kwenye mchezo wa kuigiza, katika ukumbi mdogo huko katikati ya mji. Ameingia darasani leo akirukaruka kama amekanyaga makaa. Mistari sita tu, lakini ni mara yake ya kwanza jukwaani hapa Toronto, na mwongozaji ni mama mkali. Hiyo mistari sita naijua yote — ananisomea kila siku kwenye treni. (Simpendi. Haya, nampenda kidogo.)

Ombi lake ni moja: njoo Ijumaa na rafiki yako Marissa. Wazee wa kanisani usilete, tafadhali, watamjibu mchungaji. Nimecheka! Baba yake mwenyewe ni mchungaji huko Moshi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mipango imeharibika. Shangazi Mwikali alijitolea kutupeleka na gari, maana kutoka Markham kwa basi ni safari. Ni dada ya Baba, ni nesi, nakaa kwake — ningekataaje? Sasa natoka chumbani, namkuta sebuleni na kitenge, kilemba, marashi mpaka mlangoni. Ati ataingia pia, akae kimya. Shangazi na kimya, wapi na wapi!

Marissa amecheka mpaka akashika ukuta. Bibi yake ni Mgoa wa Mombasa, kwa hiyo Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Anasema hii ataisimulia mpaka azeeke.

Jumamosi, 18 Oktoba

Wueh. Sijui nianzie wapi.

Mchezo ni mazishi ya mzee Walter, mwenye nyumba mmoja mchoyo. Sehemu ya pili, Tumsifu anasimama kando ya jeneza na kuuliza kama kuna mtu angependa kusema neno juu ya marehemu. Halafu kimya, sekunde ishirini nzima. Hicho kimya ndicho mchezo wenyewe: hakuna aliyempenda Walter. Ukumbi wote umetulia kama maji mtungini.

Sekunde ya tano hivi, nikasikia kiti kinalia. Nikajua.

"Bwana asifiwe!"

Na Tumsifu, mtoto wa mchungaji, akajibu "Amina!" Kwa sauti! Yeye mwenyewe! Mdomo ulimtoroka. Na Marissa naye, "Amina!"

Nilitaka ardhi inimeze. Shangazi wala. Akaongea kwa Kiingereza chake cha wodini: Walter hamjui, lakini binadamu hazikwi kama paka, lazima mtu aseme kitu. Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kuniambia mimi. Kwamba mwaka wa 2019 kaka yake alizikwa Kitui, naye amekwama huku, karatasi za uhamiaji hazijatoka, na neno lake amelibeba mpaka leo. Kwamba huyo kaka, akikata tikiti maji, kipande cha katikati alikuwa anampa yeye. Akamwambia Walter alale salama. Akakaa.

Huyo kaka yake ni baba yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Siku ile mwenye programu alisema muda umeyoyoma, wanasiasa wakaongea saa nzima, sisi watoto hatukupewa hata maikrofoni.

Watu walipiga makofi jana. Mwongozaji hakupiga. Tumsifu akanipita mlangoni bila kuniangalia, baadaye akatuma ujumbe: ile "Amina" haikuwa kwenye maandishi. Kimya kikivunjwa tena, mchungaji atatafutwa mwingine.

Nimelia, nikacheka nikikumbuka kile kiti, nikalia tena. Shangazi yuko jikoni tangu asubuhi. Chapati ishirini za kuomba msamaha, na anasukuma nyingine.

Jumapili, 19 Oktoba

Naandika chooni, ukumbini. Ni mapumziko. Onyesho la mchana.

Shangazi alimvizia mwongozaji mlangoni na chapati zake. Yule mama akala moja wakiwa wamesimama, akajilamba vidole, akasema haya, ingieni. Sharti ni lilelile. Tumsifu alikuwa nyuma yake, jasho linamtoka. Akaninong'oneza: Katunge, mchunge shangazi yako, niko mikononi mwako. Halafu akanikonyeza. AMENIKONYEZA! Na mimi nikaapa, mkono kifuani, kwamba safu yetu haitatoa hata kikohozi.

Shangazi naye ameapa. Ana peremende tatu mdomoni na leso mkononi. Huyo akiapa ameapa, simwogopi tena.

Shida ni mimi. Tangu juzi lile tikiti haliniachi. Kipande cha katikati mimi pia nilikuwa napewa! Miaka yote nimedhani ni mimi peke yangu, na Shangazi naye kumbe alidhani ni yeye. Baba, wewe! Ulikuwa unatudanganya wote? Nakukumbuka sana, jameni. Miaka sita nina maneno yako hapa kooni na hakuna aliyewahi kuniuliza. Sasa, baada ya dakika chache, Tumsifu atasimama kando ya jeneza, ataangalia safu yetu, atauliza.

Kengele. Marissa anagonga mlango, anasema wanazima taa.

Nimeapa. Najua nimeapa. Koo linaniwasha na peremende zote ziko kwa Shangazi. Tumsifu, nisamehe mape—