Nitakapoulizwa Alishika Nini

Jumatano, 5 Februari 2025

Samansi imeletwa. Alhamisi ijayo niende mahakamani kutoa ushahidi dhidi ya Ishaka, mjukuu wa Bi Kuruthumu. Hatimaye! Tangu aniibie siipiti tena njia ya Mbegani peke yangu. Nahisi pumzi ya mtu kisogoni. Kisu alinionyesha tu, hakunigusa — akachukua simu na kipochi, akakimbia. Nilimtambua hata na kitambaa chake usoni. Mtoto aliyekula kwangu! Nataka afungwe. Miaka mitatu, minne, atie akili.

Ijumaa, 7 Februari

Wakili wa serikali kaniita kunikumbusha maelezo niliyotoa polisi. Kijana mpole. Nikamuuliza, kwani atapata mingapi? Thelathini. Nikacheka, nikadhani ananitania. Anasema kukiwa na silaha sheria imeshapanga thelathini, hakimu hawezi kushuka hapo hata akitaka. Hata kama hakunikata? Hata kama. Hata kama ni kosa lake la kwanza? Hata kama.

Ana miaka kumi na tisa. Atatoka ana umri wa kunizidi mimi leo. Na simu yenyewe kioo kilishapasuka.

Sasa hakimu wa nini? Wangetundika kibao mlangoni, kila mtu asome chake aende jela.

Jumapili, 9 Februari

Nimemwota Ishaka mzee, kichwa cheupe, anabisha hodi kwangu, anauliza bibi yake kahamia wapi. Mchana niko gengeni napanga nyanya, namwona akilini Ishaka yule mwingine, wa kisu. Wote wawili wananitisha. Sijui nimkimbie yupi.

Nimemuuliza mume wangu: nikisema sikuona kisu je? Ausi akawaka. Angekukata je? Na maelezo umeyatia saini, utageuka wewe mshtakiwa. Kweli. Nikisema kisu, nimemzika. Nikisema hakuna kisu, nimeapa uongo na Msahafu mkononi — na huenda akaachiwa, nikakutana naye njia ileile. Mimi nilitaka pale katikati. Nani kapaondoa?

Jumatano, 12 Februari

Amekuja Bi Kuruthumu. Ndiye somo yangu, aliyenifunda nilipokuwa mwali, akanipeleka kwa mume. Na Ishaka ni yeye aliyemlea. Nilitamani nijifiche uani. Nikamtandikia mkeka. Akavuta mchicha wangu wa kuuza akaanza kuuchambua, fungu baada ya fungu. Nikasubiri aniombe.

Hakuniomba. Alipoinuka ndipo akasema, mwali wangu, usije ukaapa uongo kwa ajili yangu. Mmoja kunipotea anatosha.

Bora angelia. Bora angenipigia magoti, ningejua la kumjibu. Nimemkasirikia mpaka sasa, na mchicha wote nimeugawa bure.

Alhamisi, 13 Februari

Naandika nyuma ya samansi, kwenye benchi nje ya mahakama.

Nimeshaapa. Nimeeleza njia, kitambaa, simu, kipochi. Wakili akauliza: mkononi alishika nini? Nikashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Akarudia.

Hakimu ni mama mtu mzima. Kabla ya kesi yetu alimhukumu mwingine, thelathini hiyohiyo. Alisema angekuwa na uwezo angempa pungufu, ila hana. Akavua miwani akaifuta muda mrefu. Mimi alinitazama tu, kisha akasema shahidi hajisikii vizuri, tupumzike kidogo, akanywe maji.

Somo yuko benchi la pili, kanishikia mkoba. Haniangalii. Kisu kilikuwepo. Wallahi kilikuwepo, mpini mweusi, naweza hata kuuchora. Mbona basi kusema kweli kunanipa hofu ya mtu anayetenda dhambi?

Sasa hivi wamempitisha Ishaka kumrudisha ndani. Pingu mikononi, askari kamshika kiunoni mwa suruali. Amekonda. Alipofika mbele yangu akasimama, akainamisha kichwa. Shikamoo, mama.

Nikamwitikia. Marahaba, mwanangu.

Mwanangu! Imenitoka tu. Wakili alikuwa mlangoni, amesikia. Somo naye amesikia, kajifunika uso kwa mtandio.

Karani anaita jina langu. Maji sijanywa —